Mshikio Umegeukia Kushoto

Jumanne, saa tatu asubuhi. Mvua ilianza jana alasiri hapa Nyamira na haijapumzika hata kidogo. Ukungu umefika mpaka kwenye ua, michai yote imezama ndani yake, na mimi nimevaa sweta mbili na bado nasikia baridi.

Leo nimeogopa kikombe.

Mnaonisoma hapa mnayajua mazoea yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi peke yangu, na kila asubuhi nikimaliza chai nachora kwa penseli kitu kimoja cha nyumbani kabla sijashika kazi nyingine. Sufuria, kiatu, kitunguu, chochote kilicho karibu. Leo nilichora kikombe nilichokuwa nimetoka kunywea. Nilikichora polepole bila kuwaza lolote, na nilipoinua karatasi nikaona mshikio wake uko upande wa kushoto.

Mlango ulikuwa na komeo. Hakuna mwingine aliyekunywa chai humu ndani. Mimi hutumia mkono wa kulia, na nikipekua madaftari yangu ya miaka yote, kila kikombe nilichowahi kunywea mshikio wake umekaa kulia.

Kitu hiki nimewahi kukiona mara moja tu, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na ukweli wake wote sijamweleza mtu, hata binti yangu Kerubo. Kerubo anasafiri Ijumaa. Amepata kazi ng'ambo, baada ya kuitafuta muda mrefu, na sauti yake kwenye simu wiki hii imekuwa nyepesi kabisa. Kwa hiyo naeleza hapa kwanza. Nikimaliza nitaamua kama nitamwambia.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa 1969. Nilikuwa chuo cha ualimu, nimebakiza muhula mmoja nipate cheti. Aliyetufundisha uchoraji alikuwa Mwalimu Odero, mtu mrefu kutoka upande wa ziwa, mpole wa sauti na mkali wa macho. Kabla ya kufunga chuo alitupa kazi ambayo wenzangu waliicheka njia nzima ya kurudi makwao. Kila mmoja achague vitu vitatu vya nyumbani vyenye mshikio au mpini. Kila asubuhi akae mahali pale pale, saa ile ile, avichore kama alivyovikuta. Asivipange wala kuvisogeza. Raba zetu zote akazikusanya kwenye mkebe wa kahawa, akazifungia kabatini, kwa sababu alisema mtu mwenye raba haangalii, anategemea kufuta.

Kwetu ni kwenye vilima vya juu ya Itumbe. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikisii, alikuwa amefariki mwezi wa Aprili mwaka huo. Dada zangu wote walikuwa wameolewa mbali. Mama alibaki na ng'ombe mmoja, migomba na shamba la pareto, na likizo ile tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba.

Nilichagua kikombe cha bati cha Mama, cheupe chenye ukingo wa buluu, birika la chai, na kisu cha kumenyea ndizi. Vyote vilikaa kwenye meza ndogo chini ya dirisha. Hapo ndipo Mama alipokunywa chai yake kila asubuhi akiwa amesimama, kwa sababu alisema akikaa hatainuka. Akishateremka kwenye pareto, mimi nilivuta kigoda mahali alipokuwa amesimama na kuanza kuchora.

Lazima niwaeleze habari ya Tata na vitu vile. Tata alikuwa mtu wa mashoto. Alipasua kuni kwa kushoto, alikula kwa kushoto akiwa nyumbani, na kila alichokishika alikiacha kimegeukia kushoto. Mama hakuweza kuvumilia. Maisha yao yote alipita nyuma yake akigeuza: birika, panga, ndoo, hata kiatu alichokiweka vibaya. Wakati mwingine walicheka, wakati mwingine walinuniana. Sisi watoto tulikuwa tukiingia ndani tukitazama birika tunajua nani ameondoka hapo sasa hivi.

Siku tano za kwanza nilichora vizuri. Mshikio wa kikombe kulia, mshikio wa birika kulia, mpini wa kisu kulia. Nilianza hata kuchoka, nikaona Mwalimu Odero ametuonea.

Siku ya sita, kikombe kilikuwa kimegeukia kushoto.

Nilikichora kilivyo, nikasahau. Siku ya saba kikombe na kisu, vyote kushoto. Nikachora hivyo hivyo. Siku ya nane niliamka mapema na kukuta vyote vitatu vimeelekea kushoto, vimekaa pamoja kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mwezi wa nne. Siku hiyo nilifanya jambo ambalo bado linanisuta. Nilichora mishikio upande wa kulia. Nilijiambia kwamba huko ndiko inakokaa, kwamba macho yangu yana usingizi. Nilidanganya kwenye karatasi ili nisiogope ndani ya nyumba yetu.

Mbona sikumfikiria Mama? Watu wataniuliza hivyo, na mimi nimejiuliza maisha yangu yote. Sikumfikiria kwa sababu nilikuwa namjua. Mama na kushoto walikuwa maadui. Ningeamini maiti imetoka kaburini kunywa chai kabla sijaamini kwamba Mama ameweka birika upande ule.

Siku ya tisa niligeuza vyote kulia kwa mkono wangu mwenyewe, nikafunga mlango kwa komeo la nje, nikateremka mtoni kuchota maji. Mama nilimwacha shambani, mgongo wake naona kati ya maua meupe ya pareto. Niliporudi alikuwa bado yuko kule kule. Komeo lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha. Ndani, vitu vyote vitatu vilikuwa vimegeukia kushoto, na nilipogusa kikombe kilikuwa bado cha moto.

Niliweka ndoo chini. Sikukimbia. Nilikaa kwenye kigoda nikachora, kwa sababu sikujua la kufanya isipokuwa lile nililotumwa.

Mama alipokuja kula mchana nilimtandazia karatasi zote sakafuni, kwa mpangilio wa siku.  Alizitazama muda mrefu sana, akasogea kutoka moja hadi nyingine, akarudi kwenye ya kwanza. Uso wake uligeuka nisiujue. Nilidhani ni hofu ya kitu kile kile nilichokiogopa.

"Ni baba yako," alisema. "Mwache."

Habari ile haikukaa ndani ya nyumba. Nilimwambia Tatamoke, mdogo wake Tata, aliyekuwa na boma lake upande wa pili wa kilima. Sisi ni Wasabato, na Tata alizikwa kwa nyimbo na maombi peke yake. Hakuna pombe iliyomwagwa, hakuna mbuzi aliyechinjwa kwa jina lake. Mama ndiye aliyeshikilia iwe hivyo, na Tatamoke hakuwa amelimeza. Alizipokea karatasi zangu kwa mikono miwili, akazisoma moja moja kwa utaratibu kama barua kutoka kwa chifu.

"Ndugu yangu anarudi kunywa chai nyumbani," alisema, "kwa sababu hatukumlisha."

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikukaa peke yake. Wazee walikuja kutazama meza. Walisimama mlangoni, hawakuvuka, wakalitazama lile birika kwa heshima. Mzee wa kanisa naye alifika, akamwonya Mama kwamba akikubali mbuzi wa mizimu atafutwa kwenye ushirika. Nilimngoja Mama amjibu Tatamoke kama alivyomjibu siku ya mazishi. Mama alisema tu kwamba ndugu wa marehemu wafanye wanavyoona. Nilishangaa. Niliona huzuni imemvunja, nikamwonea huruma, nikaendelea kuchora vikombe.

Ndiyo, niliendelea. Kila asubuhi. Kushoto, kushoto, kushoto. Nilikuwa nimeizoea hofu yenyewe, hata nikawa namwamkia Tata kimoyomoyo ninapovuta kigoda. Niliona kila kovu la lile bati. Niliona ukingo wa buluu ulivyobanduka pale midomo inapogusa, na kwamba sehemu iliyobanduka ilikuwa inaongezeka upande mwingine. Mwalimu Odero angefurahi.

Mbuzi alichinjwa siku chache kabla ya mimi kurudi chuoni, mchana kweupe, kando ya kaburi kwenye migomba. Kulikuwa na watu kama thelathini. Mama alikaa kwenye mkeka pamoja na wajane wengine. Nyama ilipoiva, Tatamoke alichukua kipande cha kwanza, akakiweka kwenye sahani, akampelekea Mama kama mke wa marehemu.

Mama akanyoosha mkono wa kushoto.

Kwetu hupokei kitu cha mkubwa kwa kushoto, hata mtoto anayetambaa hupigwa kidole kwa hilo. Watu wote waligeuka kutazama. Mama alikuwa mtu wa adabu kuliko wote pale. Sahani ilikaa hewani, kwenye mkono wake wa kushoto, na Tatamoke akarudi nyuma hatua moja.

"Ni yeye," alisema kwa sauti ya chini.

Shangazi yake Tata, ajuza ambaye macho yalikuwa yamemfifia, akajikokota hadi kwenye mkeka, akainama, akamsalimia Mama kwa jina la Tata. Akamuuliza kama ameridhika sasa.

Na Mama akaitikia. Akasema ameridhika.

 Wanawake walianza kulia. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, umbali wa hatua tatu, na kwa kuwa nilikuwa nimezoea mwezi mzima kutazama kitu bila kuondoa jicho, sikuinamisha kichwa kama wengine. Nilitazama. Nikaona mkono wa kulia wa Mama, ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Ulikuwa juu ya mapaja, kiganja juu, kidole gumba kimekunjwa ndani. Nzi alitua juu yake. Akatembea kutoka kifundoni hadi kwenye kiganja, akapanda kidole kimoja baada ya kingine, akasimama kwenye ncha akasugua miguu yake. Mkono haukutikisika.

Nzi yule alinifundisha kuliko chuo.

Asubuhi iliyofuata sikuchora kwanza. Nilimsubiri Mama mezani, nikamuuliza mkono wake umefanya nini. Alitazama mlango, kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona asubuhi: alikaa. Akanieleza. Ulianza na ganzi wiki ile ya kwanza nilipofika. Siku nyingine ulirudi, siku nyingine ukakataa, halafu ukakataa kabisa. Pareto alikuwa akichuma kwa mkono mmoja, ameinama ili nikimwona kwa mbali nione mgongo tu. Siku ile niliyoenda mtoni alikuwa amechoka, akapanda nyumbani kunywa chai, akafunga komeo, akashuka tena kabla sijarudi. Nilipotandaza michoro yangu sakafuni alijua nimemkamata, akaona pia kwamba mimi mwenyewe sijajua nimekamata nini. Akaniacha na Tata.

Nilimwambia twende hospitali Kisii siku hiyo hiyo.

"Wakijua, watakurudisha nyumbani unipikie," alisema. "Sikuchuma pareto miaka yote hii ili uje kunipikia. Omwana one, mwanangu, nyamaza mpaka Jumatatu ipite."

Jumatatu ndiyo siku niliyokuwa narudi chuoni. Alikuwa ameacha kanisa lake limfute, ameacha watu wamwamkie kama maiti, ili Jumatatu ifike.

Nilikubali. Hapa ndipo sijawahi kufika nikisimulia. Huwa nasema Mama alinificha, watu wanatikisa kichwa, tunanywa chai. Ukweli ni kwamba nilijua siku nne nzima, na nilikubali haraka mno. Nilikitaka kile cheti. Nilipolia, nililia kwa sababu nilifarijika kwamba ameniruhusu.

Nilimwomba kitu kimoja tu, niuchore ule mkono. Aliuinua kwa mkono wa kushoto akauweka juu ya meza kando ya kikombe, kama unavyoweka kisu, akanisubiri nimalize. Mchoro huo sikuupeleka chuoni. Uko hapa mbele yangu sasa hivi.

Mwalimu Odero alizipanga karatasi zangu nyingine ukutani. Alipita nazo polepole, akasimama kwenye ya siku ya nane, ile niliyodanganya. Akaweka kidole chini ya kikombe. Nilikuwa nimechora mshikio kulia kama nilivyotaka uwe, lakini kivuli cha mshikio mezani nilikiacha kushoto, kwa kuwa kivuli sikukifikiria, nilikitazama tu.

"Kivuli hiki ni cha nini?" aliniuliza.

 Akatazama zile zinazofuata, akaniuliza taratibu nani kwetu ni wa mashoto. Nikasema ni baba. Akaniuliza kama ni mzima. Nikadanganya tena, nikasema ni mzima, nashukuru, mwalimu. Alikuwa mtu wa kuelewa. Kama ningesema neno moja angenipeleka kituo cha basi yeye mwenyewe.

Wiki ya tatu ya muhula, Tatamoke alikuja kunichukua. Mama alikutwa kwenye pareto, uso umeinamia mstari, kikapu kimemwagika. Kisii waliita kiharusi. Daktari aliniuliza kama hakukuwa na dalili yoyote kabla, nikamwambia hapana. Aliishi miezi minane bila kutamka neno. Nilikuwa nikimnywesha uji kwa kikombe kile cha bati, naye alikuwa akinitazama kwa jicho moja, na hata leo sijui lile jicho lilikuwa likisema asante au likisema nini. Tatamoke aliamini mpaka kufa kwake kwamba kaka yake ndiye aliyekuja kumwita mkewe, na kwamba mbuzi mmoja hakutosha.

Nilirudi kumaliza mwaka uliofuata. Cheti nilikipata. Nilipozaa msichana nilimpa jina la Mama, Kerubo, kama desturi yetu ilivyo, jina la aliyetangulia linamrudia mtoto. Nilifundisha watoto kuchora kwa miaka mingi na sikuwahi kuwanyang'anya raba.

Sasa ni saa saba kasoro. Mvua bado inapiga bati.

Nimeandika kwa muda wote huo kwa sababu naandika kwa kidole kimoja. Ni kidole cha mkono wa kushoto, ule ule uliochora kikombe asubuhi. Sikutaka kulisema hilo mwanzoni. Mkono wa kulia uko juu ya meza, kando ya kikombe, na kidole gumba kimekunjwa ndani. Nimeutazama mara nyingi tangu asubuhi, nikaulinganisha na mchoro wa mwaka ule. Vifundo vyetu vinafanana. Hata kucha.

Nitawaambia nilichokuwa nikiwaza nilipoanza. Niliwaza Ijumaa iko karibu. Niliwaza, nikimwambia Kerubo leo, ataacha kazi ile, atakuja kunipikia. Niliwaza ninyamaze mpaka Ijumaa ipite, na niliposikia maneno hayo kichwani hayakuwa na sauti yangu. Yalikuwa ya Kikisii, yametulia, ya mtu aliyekaa kwenye meza yangu.

Mama, nakuheshimu. Lakini miaka yote hii sikukushukuru hata siku moja kwa zile siku nne. Nimezibeba tu. Sitampa Kerubo mzigo huo abebe kwenye ndege.

Nimeweka simu mezani, upande wa kushoto. Nimebonyeza jina lake. Inaita.

Kerubo, pokea.